Uzi: Kava za stendi za taa kwa ma-DJ wa harusi. Kitambaa, vipimo, ushonaji na usalama

TaaNaTrasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Kwaresima na Ramadhani zikishapita ndipo kazi zinaporundikana: sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, kicheni pati Jumapili. Kamati za siku hizi haziulizi tena spika zina wati ngapi. Zinauliza, "Stendi zenu mnazifunika?" Na wana haki ya kuuliza. Familia imelipia ukumbi, maua, vitambaa vya meza na kava za viti, halafu kila picha ya kukata keki nyuma yake kuna chuma cheusi chenye miguu mitatu na waya unaning'inia.

Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu watu wananunua kava kwa kuangalia picha tu. Kava inaficha stendi, na ikishaificha inaficha pia pini iliyolegea, waya uliochubuka na mguu ambao haujatanuliwa mpaka mwisho. Kwenye kazi zangu kava haivalishwi kabla stendi haijakaguliwa, na siitumii kava isiyofunguka kwa nyuma. Hayo mawili naomba myashike hata kama mengine yote mtayapuuza.

Tuanze na kitambaa. Kinachotakiwa ni laikra, familia ileile ya kava za viti vya ukumbini: poliesta iliyochanganywa na nyuzi za spandeksi. Spandeksi ilibuniwa Marekani mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Walikuwa wanatafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira kwenye nguo za ndani za wanawake, na Lycra ni jina la biashara walilozipa nyuzi hizo. Kwa kazi yetu tafuta uzito wa gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Kikiwa chepesi zaidi, ukiwasha taa ndani watu wanaona miguu, waya na chapa ya stendi. Kikipita 250 mwanga unapita kwa shida na kukivalisha ni mieleka.

Wauzaji wengi hawajui gramu, kwa hiyo nenda na simu yako na rula. Weka kiganja nyuma ya kitambaa, washa tochi nyuma ya kiganja. Ukihesabu vidole vyako vyote bila kukazia macho, hicho ni chepesi. Halafu weka alama mbili zenye umbali wa sentimita 10, vuta mpaka zifike 15, shikilia kidogo, achia. Zikirudi 10, nunua. Zikibaki 11, achana nacho, maana baada ya kazi chache kitaning'inia magotini kama suruali ya zamani. Fanya hivyo kwa urefu na kwa upana, kwa sababu kuna vitambaa vinavutika upande mmoja tu na vinauzwa kwa jina hilohilo la laikra.

Vipimo vya trasi, yaani zile nguzo za fremu ya mabomba za kubebea taa, ni rahisi. Trasi ya mraba inayotumika sana ina upana wa sentimita 29 kila upande. Mzunguko wake ni 29 mara 4, sawa na 116. Usikate 116. Ondoa asilimia 10 unapata 104, ongeza 2 za mshono, kata 106. Hiyo tofauti ndiyo inayokifanya kitambaa kikaze na kisiwe na mikunjo. Kwa urefu usivute sana. Ukivuta sana kuelekea chini, kitambaa kinabonyea katikati na trasi inaonekana imekonda kiunoni.

Stendi za miguu mitatu nitazieleza mkiuliza, zina mambo mengi zaidi.

Kijana_Sinza

Mkuu ahsante kwa madini. Mimi ndiyo naanza, nina stendi mbili za miguu mitatu zenye upau wa juu wa kuning'iniza taa nne nne. Niliona za kuagiza China zina umbo la pembetatu, pande mbili. Zinafaa au nishoneshe? Na rangi gani, nyeupe au nyeusi?

TaaNaTrasi

@Kijana_Sinza za pembetatu za pande mbili zinafaa ikiwa stendi inaonekana kwa mbele tu. Ukumbi ambao wageni wanakaa pande zote, utahitaji ya pande tatu, yaani inafuata miguu yenyewe.

Shida ya kuagiza ni vipimo. Miguu ya stendi haitanuki sawa. Nyingine miguu inafika sentimita 50 kutoka katikati, nyingine 60 au zaidi, na urefu wa nguzo kabla ya upau unatofautiana. Kava iliyokatwa kwa stendi ya mtu mwingine ukiivalisha kwa nguvu inavuta miguu kuelekea ndani. Hapo ndipo ninapogombana na watu. Stendi inasimama kwa sababu miguu imetanuka. Ukiona kava imekaza vizuri sana kwenye picha, piga magoti uangalie kama kifungio cha miguu kiko mwisho kabisa na skrubu imekazwa. Kava nzuri inavutwa na miguu, na miguu haipaswi kusogea hata nusu sentimita.

Kwa hiyo tanua stendi mpaka mwisho, kaza, ndipo upime: kutoka chini ya upau hadi sakafuni, kutoka mguu hadi mguu, na unene wa nguzo. Mpe fundi na picha ya stendi ikiwa imesimama.

Rangi: nyeupe kama utaweka taa ndani au kuimulika kwa chini. Nyeupe inapokea rangi yoyote unayoipa, ya dhahabu wakati wa chakula, ya bluu wakati wa muziki. Nyeusi inameza mwanga, lakini inapotea gizani na haichafuki. Kama una pesa ya seti moja tu, anza na nyeupe.

CherehaniMbili

Wanangu, nimeona neno fundi nikaona niingie. Nashona kava za viti na za stendi, nawaeleza yale ambayo mtu anakuja nayo mkononi imeshachanika.

La kwanza ni sindano. Laikra haishonwi na sindano ya kitenge. Sindano ya kawaida ina ncha kali, inakata nyuzi za spandeksi, na ukivuta mara ya kwanza unaona vitundu vidogo vimepangana kando ya mshono. Kuna sindano ya vitambaa vya kuvutika, ncha yake ni ya mviringo, inapita katikati ya nyuzi bila kuzikata. Natumia namba 75, na namba 90 pale ninaposhona tabaka mbili na turubai. Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba ukivutwa unakatika.

La pili ni mshono. Mshono ulionyooka hauvutiki, kitambaa kikivutwa uzi ndio unakatika. Pita na ovaloki ya nyuzi nne. Usipokuwa nayo, tumia zigizaga nyembamba halafu rudia mara ya pili pembeni yake. Punguza mkandamizo wa mguu wa cherehani, na mkono usivute kitambaa wakati unashona. Ukivuta, pindo linatoka na mawimbi na hayaondoki hata kwa pasi. Pasi yenyewe iwe ya moto mdogo sana, ukipitisha moto wa kunyoosha kanzu umeua unyumbufu wote.

La tatu, miguuni. Pale kava inapokamata mguu wa stendi ndipo panapochanika siku zote. Nashona kifuko cha turubai au cha jinzi nzito, kina cha sentimita 8 hivi, nakizungushia mshono mara tatu, na lastiki pana ya sentimita 3. Laikra yenyewe isiguse sakafu. Kwenye kona ya juu, panapopita nguzo, nashona duara la turubai lenye tundu, vinginevyo skrubu ya nguzo itajifungulia mlango.

Na nyuma naweka velkro kuanzia juu mpaka chini. Zipu ni nzuri kwa macho, lakini ikikwama mnakata kitambaa.

Kijana_Sinza

Shikamoo mama. Hapo kwenye sindano nimeelewa kwa nini za rafiki yangu zilitoboka. Nashukuru sana.

CherehaniMbili

Marahaba mwanangu.

DJ_wa_Pwani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa. Huku harusi zetu nyingi ni za nje, uwanjani au ufuoni, chini ya hema. Kava za ukumbini ni sawa, lakini nje naona watu wavisha stendi kama kwamba upepo haupo. Kusi likivuma mchana hadi jioni, ile kava yajaa kama tanga na stendi yaanza kutembea. Nimeshuhudia stendi ya mwenzetu ikilala juu ya meza ya keki, na ilikuwa na taa za kuzunguka juu yake. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu pale. Nyinyi mwatumia uzito gani?

MzeeWaVyombo

@DJ_wa_Pwani waaleikum salaam. Hili ni swali muhimu kuliko la rangi, tulipigie hesabu.

Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, unasukuma ukuta wa mita moja ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 7. Kava ya pembetatu yenye kitako cha mita 1 na urefu wa mita 2 ina eneo la mita 1 ya mraba, kwa hiyo ndiyo hiyohiyo kilo 7 unayoiongeza kwenye stendi ambayo bila kava upepo ungepita katikati yake. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Hapo tunaongelea karibu kilo 28 kwa dharuba ya ghafla.

Sasa watu wengi hawajui stendi ya miguu mitatu inaangukia wapi. Haiangukii juu ya mguu. Inaangukia kwenye nafasi kati ya miguu miwili. Kama kila mguu unafika sentimita 60 kutoka kwenye nguzo, ukichora mstari sakafuni kuunganisha ncha za miguu miwili, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mstari huo ni sentimita 30 tu. Hizo 30 ndizo zinazoishikilia stendi yako, wakati juu kuna taa kwenye urefu wa mita 2.5 au 3. Chora uone mwenyewe.

Ninavyofanya mimi: nje, kila mguu una mfuko wake wa mchanga, unalala juu ya mguu na si kuning'inia kwenye nguzo, maana unaoning'inia unayumba na kuivuta stendi. Ndoo ya lita 10 ya mchanga mkavu ni karibu kilo 16, kwa hiyo mchanga wa ufuoni ukiukausha unakutosha, huna haja ya kununua vyuma. Mguu mmoja unauelekeza kule upepo unakoelekea. Stendi inashushwa chini kadiri inavyowezekana. Na upepo ukianza kupeperusha vitambaa vya meza, kava zinatoka, bila mjadala na kamati. Velkro ya mama hapo juu ndiyo inayokusaidia wakati huo: unashika juu, unavuta chini, imetoka.

Trasi iliyosimama ina nafuu. Upana wake ni sentimita 29, hivyo ya mita 2 ina eneo la mita 0.6 za mraba tu. Lakini bamba lake la chini nalo liwe zito kweli, si lile la bati.

DJ_wa_Pwani

Mzee wangu, hii ya sentimita 30 sikuwahi kuisikia na nimo kazini miaka mingi. Jazakallahu kheri. Nitaichora kwa vijana wangu waione.

Mpambaji_Moro

Habari wapendwa. Mimi ni upande wa mapambo, na naona uzi umeegemea laikra peke yake. Wateja wetu wengine hawaipendi, wanasema inafanana ukumbi kwa ukumbi. Nimefunika stendi kwa shifoni na satini iliyokunjwa kwa pini, ikatoka kitu cha kifahari sana. Na kwa kicheni pati, kanga au kitenge kinapendeza kuliko laikra yoyote. Msiwafunge watu.

TaaNaTrasi

@Mpambaji_Moro dada yangu, kwa macho nakubaliana na wewe. Kwa taa sikubaliani.

Shifoni na satini zikikunjwa zinashika mikunjo iliyo wazi, hewa ipo ndani na nje, na ncha zake zinapepea. Moto ukigusa hapo unapanda juu kwa haraka sana. Pini nazo zinapenya kwenye waya. Nimewahi kuvua kitambaa cha mapambo nikakuta pini ya chuma imechomwa kwenye waya wa umeme uliokuwa umepita nyuma ya mkunjo. Stendi ni ya chuma na umeme wetu ni wa volti 230. Sihitaji kueleza zaidi.

Kitenge na kanga napenda sana, na kuna njia. Mwambie fundi ashone kava ya laikra kwa pande na mgongo, halafu mbele aweke kipande cha kitenge kilichonyooka, kimeshonwa kingo zote, hakipepei na hakina pini. Laikra ya pembeni ndiyo inayovuta, kitenge kinabaki wima na mchoro wake hauharibiki. Kwa kanga mchague ile ambayo jina lake linaendana na shughuli, maana wageni watalisoma usiku kucha.

MtuWaLeicester

Habari zenu kutoka Leicester. Napiga muziki kwenye harusi za Watanzania na Wakenya huku. Ngoja nichangie kwenye moto, kwa sababu huku ukumbi hauniruhusu kuingia bila karatasi.

Kumbi nyingi za Uingereza zinataka cheti kwamba kitambaa chochote cha mapambo kinakidhi kiwango cha BS 5867. Ujerumani wanaongelea B1 ya DIN 4102, Ufaransa M1, Marekani NFPA 701. Ukiagiza kava kutoka kwa mtengenezaji makini, mojawapo ya alama hizo itaandikwa. Ikiwa imeandikwa tu "haishiki moto" bila namba yoyote, msiitegemee.

Jaribio la nyumbani nawaelekeza, lakini fanyeni nje, kukiwa na ndoo ya maji. Kata kipande chembamba cha kitambaa, kishike na koleo kikining'inia wima, weka kiberiti kwenye ncha ya chini kwa sekunde kama 12, kisha ondoa moto. Kitambaa kilichotibiwa kinazima chenyewe papo hapo. Poliesta ya kawaida inaendelea kuwaka, inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Hayo matone ndiyo mabaya: yanaanguka kwenye zulia, kwenye gauni, kwenye mkono wa mtoto.

Kuna dawa za kupuliza, ila soma ni za kitambaa gani. Nyingi ni za chumvi na zimetengenezwa kwa ajili ya pamba. Kwenye poliesta hazishiki, na hata zikishika, ukifua zinaondoka. Bora poliesta ambayo kinga yake imo ndani ya uzi tangu kiwandani.

Na tafadhali tusisahau Qaraqosh. Tarehe 26 Septemba 2023, kwenye mji huo wa kaskazini mwa Iraki, fataki zilizowashwa ndani ya ukumbi wa harusi zilishika mapambo ya darini. Watu zaidi ya 100 walikufa, wageni waliokuwa wamekuja kushangilia kama wanaokuja kwenye harusi zetu. Nikiona huko nyumbani mashine za fataki baridi zimepangwa mguuni mwa stendi iliyovishwa kitambaa, moyo unanienda mbio.

MzeeWaVyombo

@MtuWaLeicester umesema kweli tupu. Hizo zinaitwa baridi lakini ni chembe za titani na zirkoni zinazowaka na kurushwa juu. Zinapoa haraka zikiwa hewani, karibu na mdomo wa mashine bado ni moto. Mimi siruhusu zikae chini ya mita 3 kutoka kwenye kitambaa chochote, na kama kijitabu cha mashine kinataka zaidi ya hapo, nafuata kijitabu. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na meza ya DJ, si kwenye gari. Na namba ya Zimamoto kwa Tanzania ni 114, kila kijana kwenye timu aijue kwa kichwa.

Mpambaji_Moro

Nimesoma yote. Suala la matone sikulijua. Nitafanya hilo jaribio kwa vitambaa vyote nilivyonavyo stoo, na wazo la kitenge mbele na laikra pembeni nalichukua, nina kicheni pati mwezi ujao.

KameraYaHarusi

Naomba na sisi wa picha tusikilizwe kidogo. Kava nyeupe yenye taa ndani inageuka taa kubwa. Ukiiweka karibu na maharusi na kuipa rangi ya kijani au zambarau, bibi harusi aliyepakwa vipodozi kwa saa tatu anatoka na shavu la kijani, na hakuna namna ya kulirekebisha bila kuharibu rangi ya gauni. Wakati wa kukata keki, kulishana na kuvishana pete, tupeni nyeupe yenye joto kidogo au kahawia ya dhahabu kwenye stendi zilizo karibu nao. Za mbali fanyeni mnavyotaka.

La pili, taa za LED za bei nafuu zikipunguzwa mwangaza zinapepesa kwa kasi. Jicho halioni, kamera inaona mistari inayopita kwenye kava nzima. Kabla ya wageni kuingia niiteni dakika moja tujaribu pamoja.

TaaNaTrasi

@KameraYaHarusi hili nalipigia mstari. Kama taa ina chaguo la kubadili masafa ya kupepesa, iko kwenye menyu yake, tunaweka ya juu. Kama haina, tunaiacha kwenye mwangaza kamili na kupunguza kwa kuisogeza chini zaidi ndani ya kava.

Nikiwa kwenye taa za ndani: LED tu. Zile taa za kopo za zamani za balbu ya halojeni ya wati 500 au 1000 zinaunguza laikra hata bila kuigusa, usizikaribishe. Hata LED, kopo la balbu 54 za wati 3 ni wati 162 kwenye karatasi, mgongo wake unapata joto na una feni. Acha nafasi ya kiganja kati ya mgongo wa taa na kitambaa, na juu ya trasi acha upenyo hewa itoke. Taa za kuzunguka zinazokaa juu ya trasi hazifunikwi kabisa, kava inaishia chini ya bamba zinalokalia.

Jambo dogo kwenye trasi linalochana kava nyingi: pini za kuungia zina klipu ndogo ya waya inayochomoza nje. Kabla ya kuvalisha, zungusha pini ili klipu iangalie ndani ya trasi, kisha pitisha utepe wa kitambaa juu ya ncha. Pitisha kiganja kwenye nguzo zote nne kuanzia juu hadi chini. Kiganja kikikwaruzwa, kava itachanika.

Orodha ya ukaguzi ninayowasomea vijana wangu ni fupi: miguu imetanuka mwisho, pini za nguzo zimeingia, taa zimefungwa na waya wa usalama, waya wa umeme na wa DMX (wa kuongozea taa) umefungwa kwenye nguzo na haubanwi, uzito upo. Mtu mmoja anakagua, mwingine anavalisha. Aliyekagua akisema tayari ndipo kava inapanda.

Kijana_Sinza

Usafi je? Nyeupe nitaifuaje isigeuke njano? Na mkuu, nimepata trasi nne za kununua kwa mtu, urefu mita 1.5, upana 29. Ninunue mita ngapi za kitambaa? Kuna nilichokiona Kariakoo cha upana wa sentimita 150.

TaaNaTrasi

Maji baridi, sabuni ya kawaida, hakuna jiki wala klorini yoyote. Klorini ndiyo inayoleta njano na inakula spandeksi. Usiweke maji ya kulainisha nguo. Anika kivulini, jua kali linaua unyumbufu pole pole. Zihifadhi zimeviringishwa kwenye mfuko wa nguo, zikiwa kavu kabisa, na mfuko huo usichanganyike na waya.

Kitambaa: kila kava upana 106, urefu 150 na mapindo 6, jumla 156. Ukipanga urefu kufuata urefu wa kitambaa, nne ni 624. Nunua mita 6.5, na utabaki na ukanda wa sentimita 44 pembeni wa kushonea vifuniko vya juu.

CherehaniMbili

Mwanangu TaaNaTrasi, hapo unamtia mtoto hasara. Kigeuze kitambaa. Upana wa 150 uwe ndio urefu wa kava. Ondoa kingo zenye vitundu na gundi, sentimita 2 kila upande, inabaki 146. Mapindo sentimita 2 juu na 2 chini, inabaki 142. Kutoka 142 kuvuta hadi 150 ni chini ya asilimia 6, laikra inayovutika pande zote haitasikia hata kidogo, na kiuno hakibonyei. Sasa kila kava inakula sentimita 106 za urefu wa jora, nne ni 424. Anunue mita 5, na kinachobaki kinatosha vifuniko vinne vya juu.

TaaNaTrasi

Mama umeokoa mita moja na nusu. Kijana, fuata hesabu ya mama.

Kijana_Sinza

Nimeandika zote kwenye simu. Kesho asubuhi naingia Kariakoo. Nichukue duka moja, au nikikosa nimalizie la jirani?

CherehaniMbili

Duka moja na jora moja. Weupe wa majora mawili unaweza kuonekana sawa kabisa dukani mchana, kwa sababu viwanda vinatia dawa ya kung'arisha kwa viwango tofauti. Usiku taa ya bluu au ya zambarau ikiwaka, moja inang'aa na nyingine inakuwa ya krimu, na zimesimama kulia na kushoto kwa maharusi. Muombe muuzaji akukatie zote tano kwa mkupuo mmoja, na kabla hajakata, kikunjue chote juu ya meza utafute madoa ya mafuta na nyuzi zilizokimbia. Akikataa kukikunjua, nenda duka la pili.